Jozani, Mida au Saadani: wapi pa kutembea pwani na watoto?

Ukitafuta hifadhi inayogusa bahari, ambamo mtoto wa miaka mitano anaweza kushuka garini akatembea kwa miguu yake bila mzazi kuwa roho juu, hutapata nyingi katika pwani yetu. Tatu ndizo zinazotajwa mara kwa mara: Jozani kule Unguja, hori la Mida (mkono wa bahari ulioingia nchi kavu) karibu na Watamu nchini Kenya, na Saadani iliyo kati ya Bagamoyo na Pangani. Zote zina miti, maji ya chumvi na viumbe vya kutazama, na kwa sababu hiyo watu huzitia kapu moja. Kwangu mimi ni safari tatu mbalimbali, na moja kati yake sidhani kama inastahili kuitwa matembezi.

Wengi hulinganisha kwa kilomita. Hapa kilomita hazisaidii, maana kote utatembea kidogo tu. Kinachomshinda mtoto pwani ni jua, na baada ya jua ni kusubiri. Kwa hiyo napima kwa mambo mengine: kivuli kiko wapi, cha kuona kiko karibu kiasi gani, na bahari itakuwa inafanya nini saa mtakayofika. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na ndilo linaloweza kuharibu safari nzima.

Jozani, kwa miguu mifupi

Jina lake kamili ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Ilitangazwa mwaka 2004, ina ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi, na Zanzibar haina hifadhi nyingine ya taifa. Lango liko kando ya barabara ya kusini, kama kilomita 35 kutoka mjini, na daladala za Jambiani na Makunduchi zinapita pale pale. Asiye na gari hana haja ya kukodi teksi.

Uzuri wa Jozani kwa familia ni kwamba matembezi yake yamekatika vipande vitatu, na kila kipande kinaisha kabla mtoto hajaanza kuuliza "bado?" Kipande cha kwanza ni msitu wenyewe: njia tambarare, mitondoo mikubwa, michikichi, na kivuli kizito kiasi kwamba saa tano asubuhi unaweza kusahau kuwa nje jua linawaka. Ardhi ya pale hutuamisha maji, hivyo wakati wa masika njia huwa na madimbwi na viatu vya wazi havifai. Mbu pia wapo. Wapakeni watoto dawa kabla ya kuingia, si baada ya kuanza kujikuna.

Kipande cha pili ni kima punju, na hapo ndipo Jozani inapoziacha mbali zile mbili nyingine. Mnyama huyu asili yake ni Unguja peke yake, na makundi yaliyo karibu na lango yameshazoea watu. Huhitaji darubini wala bahati. Mtoto husimama njiani akamtazama mama kima akiwa na mwana kifuani, hatua chache tu mbele yake, akikwanyua majani machanga. Mwambie aangalie mikono: vidole vinne, gumba halipo, limebaki kama kibonge kidogo tu. Mwambie pia kwamba kima hawa hula mkaa. Majani ya mkungu na mwembe wanayoyapenda yana kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa huzinasa kemikali hizo kabla hazijaleta madhara. Matunda mabivu yenye sukari hawayawezi, kwa sababu tumbo lao lina vyumba kadhaa na limeumbwa kwa ajili ya majani na matunda mabichi. Mtoto anayekataa mboga atakuwa na mengi ya kufikiria.

Masharti ni machache lakini ni ya lazima: usimguse, usimpe chakula, usimkaribie hata kama yeye ndiye anayekusogelea. Mtoto mwenye mafua au kikohozi akae mbali zaidi, maana magonjwa yetu ya kifua huwaambukiza. Na msisimame chini kabisa ya tawi walilokaa. Sababu mtaijua wenyewe mkichelewa kuhama. Barabarani kuna matuta yaliyowekwa baada ya kima wengi kugongwa na magari, kwa hiyo ukiendesha mwenyewe punguza mwendo hata pale ambapo tuta halipo.

Kipande cha tatu ni mikoko ya Pete. Njia huanzia chini ya mkwaju mkubwa, inapita kwenye vichaka vilivyoota juu ya mawe ya matumbawe, kisha inageuka kuwa njia ya mbao inayozunguka ndani ya mikoko juu ya maji. Hapa mtoto anaweza kulala kifudifudi, kidevu juu ya ubao, akatazama kaa wenye gando moja kubwa wakilipunga kana kwamba wanaita teksi, na visamaki vinavyotoka majini vikarukaruka juu ya tope. Mwombe muongozaji akuonyesheni jani la mchu. Ukiligeuza utaona punje za chumvi ambazo mti umezitoa nje. Mtoto aziguse kwa kidole, aonje. Halafu mtazame mbegu za mkoko zinavyoning'inia: huchipua zikiwa bado mtini, ndefu kama penseli, zikianguka hujichoma zenyewe kwenye tope. Miti hii ndiyo iliyotoa boriti za dari za nyumba za Mji Mkongwe. Ukirudi mjini jioni mwonyeshe.

Kasoro ya Jozani? Wageni ni wengi. Msimu wa watalii, katikati ya asubuhi, makundi yanafuatana na waongozaji wengine hutembea haraka kwa sababu kundi lingine linasubiri langoni. Mwambie muongozaji mapema kwamba mna watoto na hamna haraka. Anayefika mara tu lango linapofunguliwa hupata msitu mtulivu. Na jambo jingine: hapa huogelei. Kama mtoto wako akisikia neno "pwani" anawaza mchanga na mawimbi, mpeleke Paje au Jambiani baada ya hapo, la sivyo atahisi amedanganywa.

Mida, kwa mwenye subira

Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilianzishwa mwaka 1968 na ndizo kongwe kuliko zote nchini Kenya. Kisheria hori la Mida haliko ndani ya hifadhi ya taifa ya Watamu hasa, bali katika eneo la akiba linaloungana nayo. Wavuvi ndio wanaoguswa na tofauti hiyo, maana upande mmoja kuvua ni marufuku na upande wa pili kunaruhusiwa kwa masharti. Mtembeaji haimhusu.

Kivutio ni daraja la mbao lililoning'inizwa katikati ya mikoko, lenye urefu wa mita 260 hivi, likiishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege kando ya uwanda wa tope. Jamii ndiyo inayoliendesha, na malipo ya wageni husaidia karo za wanafunzi wanaotoka familia zilizo karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Napenda jinsi watoto wanavyolielewa hilo: umelipa kuvuka, na mwenzako mahali fulani ananunuliwa kalamu.

Daraja linayumba. Kwa mtoto wa miaka minane ndiyo raha yenyewe. Kwa wa miaka mitatu linaweza kuwa kilio tangu ubao wa kwanza hadi wa mwisho. Mshike mkono, mtangulize mtu mzima mmoja, na msivuke nyote kwa mkupuo. Mbao za pwani huoza, kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani pigeni simu mkaulize kama daraja lina matengenezo. Kigari cha mtoto kiacheni. Mtoto mchanga ni wa mbeleko, hapa na Jozani pia.

Ndege sasa. Kuanzia Septemba hivi hadi Aprili tope la Mida hujaa vitwitwi na sululu waliotoka Ulaya na Asia. Miongoni mwao wamo waliozaliwa kaskazini ya mbali ya Siberia na kuruka mpaka hapa miezi michache baadaye. Yumo pia yule ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye hutaga kwenye mashimo anayochimba mchangani kule Uarabuni na Somalia. Flamingo huja pia, ila usiwahesabie. Shida ni kwamba ndege hawa kwa macho matupu ni vinukta vya kijivu. Bila darubini Mida inapoteza nusu ya thamani yake, na mtoto asiyeona kitu hugeukia kurusha vijiti majini. Ulizeni mapema kama muongozaji ana darubini, au azimeni mje nayo. Darubini moja kwa watoto watatu ni ugomvi, mbili zinatosha.

Kwa hiyo Mida haimvutii mtoto kwa nguvu kama kima punju. Inamtaka akae kibandani, anyamaze, atazame mpaka jicho lizoee. Wapo watoto wa miaka saba wanaoliweza hilo vizuri kuliko baba zao. Wapo wa kumi na mbili wasioliweza. Wewe unamjua wako.

Mida inashinda kwa siku nzima. Ukitoka darajani, pale Dabaso kuna kikundi kingine cha jamii chenye njia yake ya mbao na mkahawa juu ya maji unaosifika kwa sambusa za kaa. Gede iko karibu: mji wa mawe wa Waswahili ulioachwa karne ya 17, uliotiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, wenye njia tambarare chini ya miti mikubwa na kima kwenye kuta. Watamu mjini kuna kituo cha kutibu kasa waliojeruhiwa. Na pwani ya kuogelea ipo, mchanga mweupe kweli. Jozani huwezi kuupanga mfululizo wa namna hiyo bila kuendesha gari huku na huku.

Saadani, ambako mtatembea kidogo sana

Nitasema wazi: usimpeleke mtoto mdogo Saadani kwa ajili ya kutembea. Ni hifadhi ya zaidi ya kilomita za mraba 1,000 yenye simba, tembo na nyati, na mtu hashuki garini akaenda zake. Matembezi ya miguu ni pamoja na askari mwenye bunduki, kwa kupanga kabla, na lazima uulize umri unaokubaliwa kwanza. Mnachofanya kwa kweli ni kuzunguka na gari, kupanda boti kwenye mto Wami kutazama viboko na mamba, na kutembea kipande cha ufukwe karibu na mahali mlipolala.

Picha ya tembo akiwa mchangani ndiyo inayoiuza Saadani. Hutokea, ila usimwahidi mtoto. Mwahidi nyani, ngiri, twiga na kuro, hao hawana makuu. Kaskazini, ufukwe wa Madete ni mahali pa kasa kutaga mayai, na huko pia mwendo ni wa kufuata maelekezo: hakuna tochi ovyo, hakuna kukimbia juu ya mchanga wa viota.

Kwa kijana wa miaka 13 na kuendelea hesabu inabadilika. Huyo anaweza kutembea na askari, kusomeshwa nyayo na kinyesi, akarudi na hadithi ambayo Jozani haiwezi kumpa. Kijiji cha Saadani nacho kina historia yake, kilikuwa bandari ya misafara ya bara, na ndipo kiongozi wake, Bwana Heri, alipowapinga Wajerumani mwaka 1889, enzi zile zile za Abushiri wa Pangani. Mwenye mtoto anayependa historia asipite bila kumweleza.

Ila njia wakati wa mvua ni mtihani, udongo mweusi hunasa hata gari refu. Machi hadi Mei achaneni nayo.

Bahari itakuwa wapi saa mtakayofika?

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea hata baada ya kuchagua mahali pazuri. Maji ya pwani yetu wakati wa bamvua hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4. Kipande kile kile cha mikoko ukikiona saa nne na ukakiona saa kumi ni sehemu mbili.

Kanuni ya jumla ni rahisi na wavuvi wanaijua bila jedwali. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana alfajiri na alasiri, kama saa kumi hivi, na hupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, yaani karibu na tarehe 7 au 8 na 22 ya mwezi mwandamo, ni maji mafu: tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo, na maji hujaa asubuhi ya saa nne au tano. Kila siku inayopita saa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko baharini wazi.

Sasa weka hilo juu ya uchaguzi wako. Jozani asubuhi ya bamvua ni bora: mizizi yote iko nje, kaa wote wako kazini, na mtoto anaona jinsi mti unavyosimama juu ya tope. Maji yakiwa yamejaa mikoko hupendeza kwa picha na samaki wadogo huingia, lakini kaa wamejificha, na kwa mtoto kaa ndio mambo yote. Mida ni kinyume chake. Maji yakiwa yamepwa kabisa ndege hutawanyika mbali kwenye tope. Yakianza kujaa huwasogeza taratibu kuelekea ukingoni mpaka wanafika karibu na kibanda. Saa mbili tatu kabla ya maji kujaa ndizo za kukaa pale. Siku ya bamvua saa hizo ni adhuhuri, jua la utosi. Siku ya maji mafu ni asubuhi, wakati watoto bado wana nguvu na upepo bado ni mwanana. Kwa hiyo kama likizo yenu imeangukia mwezi mpevu na mko Watamu, asubuhi nendeni ufukweni maji yakiwa yamepwa, mtembee kwenye madimbwi ya mawe mkiwa mmevaa viatu, maana matumbawe hukata, kisha Mida iwe ya alasiri.

Jua lenyewe halina mjadala. Ni Jozani pekee yenye kivuli njia nzima au karibu nzima. Mida ina kivuli cha mikoko kwenye daraja na paa la kibanda, basi. Ufukwe wa Saadani na wa Watamu hauna kitu. Kofia, mikono mirefu, na maji ya kunywa zaidi ya mnavyodhani, kwa sababu upepo wa bahari humdanganya mtoto kwamba hana joto.

Pesa na kufika

Kote tatu mwenyeji hulipa kiasi kimoja na mgeni kingine, hivyo bebeni vitambulisho. Bila kitambulisho utatozwa kama mgeni na kubishana langoni mbele ya watoto si jambo la kupendeza. Saadani, kwa kuwa iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa za Tanzania, mtoto aliye chini ya miaka 5 haingii kwenye hesabu. Hata hivyo ndiyo ghali kuliko zote ukijumlisha gari, malazi na mafuta, na haifai kwa kwenda na kurudi siku moja kutoka Dar es Salaam mkiwa na watoto. Jozani ni nusu siku ukiwa Unguja. Mida ni kituo tu kwenye barabara ya Mombasa na Malindi, matatu zinakupitisha karibu.

Nani aende wapi

Mtoto mdogo wenu akiwa chini ya miaka sita, Jozani, bila kufikiri mara mbili. Mkiwa na mchanganyiko wa umri, babu na bibi wakiwamo, naegemea Watamu: wazee wakae Dabaso na sambusa, wakubwa waende kibandani, wadogo wabaki na kaa. Wote wakiwa wameshabalehe na bajeti inaruhusu, Saadani kwa usiku mbili, kati ya Juni na Septemba.

Walio Diani au Lunga Lunga, pwani ya kusini ya Kenya, wana njia ya nne ambayo sijaiweka kwenye mizani kwa sababu inahitaji boti: kisiwa cha Wasini, mkabala na Shimoni, jirani na hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Kikundi cha akina mama wa kijiji wanaendesha njia ya mbao inayopita kati ya matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, na wakati wa bamvua bahari huingia ikayazunguka. Ni fupi, inafaa hata kwa miguu mifupi, na kisiwani hakuna magari. Mtoto asiyeogopa boti atafurahi huko sawa na Jozani; anayetapika baharini mbakishe bara.